Jaa haionekani Tanga: vijana wafundishwe matlai ya nyota

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nirekebishe jambo moja linalosambazwa kwenye simu za vijana wa pwani, hasa hawa wanaoanza kwenda baharini usiku. Wanaambiwa hivi: dira ikiharibika au simu ikizimika, tafuta Nyota ya Kaskazini, ile ambayo manahodha wa zamani waliiita Jaa, ielekezee omo (mbele ya chombo), nawe umeshapata kaskazini. Maelezo hayo ni sahihi kwa mvuvi wa Ureno au wa Uturuki. Kwa mtu aliyeng'oa nanga Sahare ni hatari, kwa sababu Jaa haionekani Tanga hata usiku mmoja wa mwaka.

Hesabu yake ni fupi. Urefu wa Jaa juu ya upeo wa macho ni karibu sawa na nyuzi zako kaskazini mwa ikweta. Ukiwa Maskati utaiona nyuzi 23 na nusu juu ya bahari. Kadiri unavyoteremka kusini nayo inateremka, na ukifika ikweta inagusa maji. Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, Bagamoyo nyuzi 6 na nusu kasoro kidogo, kwa hiyo Jaa iko chini ya maji kwa nyuzi hizo hizo. Kijana anayeitafuta hatasema "haipo". Ataokota nyota yoyote inayong'aa upande anaodhani ni kaskazini, na mara nyingi itakuwa Vega au Capella. Vega huchomoza nyuzi 51 mashariki ya kaskazini, Capella nyuzi 44. Mtu anayedhani anakwenda Mombasa atakuwa anaelekea bahari kuu.

Kaskazini yetu hutafutwa kwa njia nyingine. Dubu Mkubwa ana nyota saba zilizokaa kama upawa, na kwetu huonekana chini upande wa kaskazini, upawa ukiwa umepinduliwa. Nyota mbili za ukingo wa mbele, Merak na Dubhe, zimeachana nyuzi 5 na kidogo. Zikikaa moja juu ya nyingine, Dubhe chini, mstari wake ukishuka hadi kwenye maji unaonyesha kaskazini hasa. Wiki ya tatu ya Aprili hukaa hivyo karibu saa 3 na nusu usiku. Zikiwa zimelala upande, mstari huo unakwenda kukutana na Jaa chini ya bahari, na mahali unapokata upeo si kaskazini tena.

Kosa la pili linahusu Msalaba wa Kusini. Wengi husema: ulipo Msalaba ndiko kusini. Si kweli. Msalaba uko nyuzi 30 mbali na ncha ya kusini ya anga na unaizunguka. Unapochomoza uko nyuzi 30 mashariki ya kusini, umelala ubavu, kichwa kikielekea mkono wa kushoto wa anayetazama kusini. Unapozama umelalia upande wa pili, kichwa mkono wa kulia. Ukiwa umesimama wima tu, nyota ya juu (Gacrux) ikiwa sawasawa juu ya nyota ya chini (Acrux), ndipo unapoonyesha kusini bila hesabu yoyote. Katikati ya Aprili husimama hivyo karibu saa 5 na robo usiku, katikati ya Mei saa 3 na robo, na katikati ya Juni saa 1 na robo, giza likiwa limeingia tu. Nyota zote hutangulia dakika 4 kila siku, yaani saa 2 kwa mwezi. Anayeijua tarehe moja anazijua zote.

Msalaba ukiwa umeinama, pima urefu wake kutoka Gacrux hadi Acrux, kisha endeleza mstari huo kupita Acrux mara nne na nusu. Hapo ndipo ilipo ncha ya kusini ya anga. Ukiwa Tanga, ncha hiyo iko nyuzi 5 tu juu ya maji, sawa na upana wa vidole vitatu vya katikati ukinyoosha mkono. Hakuna nyota ya kuonekana pale, na ukungu wa bahari huwa umepafunika, lakini mahali penyewe hapahami usiku kucha.

Uko pia msalaba wa uongo, na huu umewapoteza wengi. Ni mkubwa kidogo, nyota zake zimefifia, na huufikia upande wa kusini saa 3 na zaidi kabla ya Msalaba wa kweli. Mtu asiye na subira huuona kwanza akafurahi. Kuutofautisha si kazi: Msalaba wa kweli hufuatwa nyuma, upande wa mashariki, na nyota mbili kubwa zilizokaribiana, Alpha na Beta Centauri, ambazo Waarabu waliziita Himarani, yaani punda wawili. Msalaba usio na punda hao wawili nyuma yake, achana nao.

Kuanzia Oktoba hadi Desemba jioni Msalaba haupo kabisa, umezama. Mwisho wa Novemba, saa 3 na nusu usiku, nyota Achernar huwa kusini hasa, nyuzi 38 juu. Karibu tarehe 10 Februari, saa ile ile, zamu huwa ya Suheli, nyuzi 42 juu. Suheli ndiyo Canopus, nyota ya pili kwa mng'ao katika anga yote, na wazee waliliita hata pande la kusini lenyewe suheli. Septemba ndio mwezi mgumu, kwa kuwa upande wa kusini jioni hakuna nyota ya daraja la kwanza iliyosimama mahali pazuri.

Lakini hayo yote, Ndugu Mhariri, ni njia za kujua kaskazini na kusini, na nahodha wa kwetu mara nyingi haendi kaskazini wala kusini. Anakwenda Pemba, au Unguja. Ndiyo maana mabaharia wa Bahari ya Hindi waliigawa duara ya upeo mafungu 32 na kuyapa mengi yao majina ya nyota: upande wa mashariki ni matlai, zinakochomoza, upande wa magharibi ni zinakozama. Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya 15 aliyetoka Julfar, Uarabuni, aliandika kirefu juu ya elimu hiyo. Neno matlai tunalo mpaka leo, ila limebaki kuwa jina la upepo.

Njia hiyo inafaa kwetu kuliko inavyofaa Ulaya, na sababu yake ni mahali tulipo. Karibu na ikweta nyota hupanda wima. Chukua Mintaka, mojawapo ya zile nyota tatu zilizojipanga kiunoni mwa kundi la Jabari (Orion). Huchomoza mashariki hasa popote duniani. London, ikishafika nyuzi 30 juu ya upeo, inakuwa imesogea nyuzi 46 kuelekea kusini. Haifai tena kushikia usukani. Tanga, kwa urefu ule ule, imesogea nyuzi 3 tu kuelekea kaskazini. Hapa nyota moja inatosha kuongoza chombo kwa saa mbili bila kubadilishwa. (Duara ya zamani iliipa mashariki jina la Tairi, yaani Altair. Altair huchomoza nyuzi 9 kaskazini ya mashariki. Mintaka ni sahihi zaidi, na ni rahisi kuitambua.)

Kwa dira za kwetu, hizi ndizo za kushika kichwani, zikihesabiwa kutoka kaskazini kuzunguka kwa mashariki: Capella 44, Vega 51, Kilimia 66, Altair 81, Mintaka 90, Sirius 107, Antares 116, Fomalhaut 120, Suheli 143. Mahali pa kuzama, toa namba hiyo kwenye 360. Kilimia kila mtu wa pwani anakijua kwa methali, kwamba kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hupotea magharibi jioni kuelekea Mei na kurudi mashariki alfajiri mnamo Juni, kwa hiyo kati ya hapo usikitegemee.

Sasa chukua safari ya kweli. Wete iko karibu mashariki hasa ya Tanga, maili 37 za bahari. Anayesoma ramani tu atafuata Mintaka, au 90 ya dira, na hatafika Wete. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi unakuwa mkali, wakati wa kaskazi unalegea. Tuseme mashua ya mashine inakwenda maili 5 kwa saa na mkondo ni maili 2. Kwa saa 7 na nusu za safari mkondo utakuwa umeibeba maili 15 kaskazini, na hapo ni kupita Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, na kuingia bahari kuu. Dawa yake ni kuelekeza omo kusini ya mashariki kwa nyuzi 23 na nusu, yaani 113 na nusu ya dira. Tazama tena orodha: Antares ni 116. Ishike Antares kidogo upande wa kulia wa omo, chombo kitakwenda Wete kikiwa kimegeuza uso kama kinachokwenda kwingine.

Antares ina uzuri mwingine. Tangu inapochomoza hadi inapofika nyuzi 30 juu, kwa zaidi ya saa mbili, haisogei pembeni hata nyuzi 2. Katikati ya Aprili huchomoza karibu saa 3 usiku. Ikishapanda sana, nyuma yake, kama saa mbili na nusu baada yake, huchomoza Nunki ya kundi la Mshale mahali pale pale. Nunki ni ya daraja la pili, itafute kwa utulivu. Karibu saa 9 na nusu usiku huja Fomalhaut, nayo peke yake, haina jirani wa kuichanganya. Katikati ya Nunki na Fomalhaut pana pengo la saa mbili hivi, na hapo ni dira au nyota ya tezini. Maana nyota si lazima iwe mbele. Mpaka usiku wa manane wa Aprili, Pollux huzama nyuma yako kwenye 298, karibu kinyume kabisa cha Antares. Aliyetweka tanga analijua hili, kwa kuwa tanga humziba mbele upande mmoja, akabaki kutazama nyuma. Ila mwenye tanga tupu wakati wa kusi asijaribu njia hii ya 113; upepo utamjia usoni.

Mfano huo una masharti. Mwendo wa maili 5 uliogeuzwa kusini hivyo unabaki maili 4 na nusu kuelekea mashariki, ndiyo maana safari ni saa 8 na si 7 na nusu. Mkondo hauna namba moja: huweza kufika maili 4 kwa saa kusi likishamiri, na ukaribu wa nchi kavu hubadilisha kila kitu. Atakayekariri "Antares kwenda Wete" kama sala, bila kujua mkondo wa mwezi ule, atapotea kwa uhakika zaidi kuliko asiyejua kitu. Kosa la nyuzi 5 katika maili 37 ni maili 3 na zaidi, kama kilomita 6. Kwa kisiwa kirefu kama Pemba hutakikosa, lakini mlango katikati ya miamba unaukosa.

Bagamoyo ni rahisi zaidi. Mji wa Unguja uko maili 24, kwenye 48 ya dira, kati ya Capella na Vega. Vega ikiwa nyuzi 10 juu ya maji, ngumi moja ya mkono ulionyooshwa, inakuwa imesogea kutoka 51 hadi 48 na nusu, yaani juu ya mji wenyewe. Ikifika nyuzi 20 imeshahamia 44 na kitu, basi iache. Nyota za kaskazini haziwi na utulivu wa Antares. Karibu tarehe 20 Mei Vega huchomoza saa 3 na dakika 20 usiku hivi. Hapa pia mkondo utakusukuma kaskazini, nawe uelekeze omo kulia ya nyota.

Vipimo vya mkono vinatosha kwa kazi hii: kidole kidogo nyuzi 1, vidole vitatu nyuzi 5, ngumi nyuzi 10, mkono ukiwa umenyooka. Anayetaka usahihi atengeneze kwa rula kamali yake, kile kipimo cha mabaharia wa zamani cha urefu wa nyota juu ya maji. Ifunge kamba, piga fundo sentimita 57 kutoka kwenye rula, ling'ate fundo kwa meno na kaza kamba. Kila sentimita sasa ni karibu uzi mmoja. Msalaba ukisimama wima, pima Acrux kutoka kwenye maji, toa 27, na kilichobaki ni nyuzi zako kusini mwa ikweta: Tanga utapata 32, Bagamoyo 33 na kidogo. Angalia, tofauti ya miji hiyo miwili ni sentimita 1 na milimita chache, na chombo kikiyumba mkono hukosea zaidi ya hapo. Uzi mmoja ni maili 60. Kamali itakuambia kama umepelekwa mbali kaskazini. Haitakuambia uko mbele ya Pangani au ya Kipumbwi.

Yanayoharibu kazi hii ni ya kawaida kabisa. La kwanza ni mwanga wa chomboni. Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 gizani, na kufungua simu mara moja kunazirudisha zote nyuma. Tochi ifungwe kitambaa chekundu, na karabai au taa za dagaa zisiwe mbele ya mshika usukani. Na taa za dagaa za wenzako: zikiwa mbali kwenye upeo hufanana na nyota inayochomoza. Ngoja dakika 20. Nyota itakuwa imepanda nusu ngumi, taa itakuwa pale pale. Zuhura na Mshtarii nazo huwavutia watu kwa ukubwa wake. Hazimetimeti kama nyota, na hazina mahali pa kudumu. Matlai yake ya mwezi huu si ya mwezi ujao. Mng'ao wa miji nao, hasa wa Dar es Salaam ukiwa Bagamoyo, hula nyota za chini upande ule. Kisha mawingu ya masika, ambayo huja miezi ile ile Msalaba unapopendeza. Ndiyo maana mtu asijue nyota moja, ajue tano au sita za pande mbalimbali, akatazama kila dakika chache ipi imebaki wazi.

Na nyota haionyeshi kina. Mwaka 1498 meli ya Wareno, São Rafael, ilipanda kwenye fungu mbele ya Mtangata, hapa kwetu kusini ya Tanga, na waliokuwemo walijua nyota vizuri. Maziwe nje ya Pangani ilikuwa kisiwa chenye miti. Leo ni fungu la mchanga ambalo maji makuu ya bamvua hulifunika. Usiku hakuna kitakachokuonyesha ila sauti ya mawimbi na bildi, ile timazi ya kupimia kina. Ukikisia umeikaribia miamba ya Pemba kabla ya alfajiri, punguza mashine, ngoja nje mpaka kupambazuke. Kuondoka Tanga saa 3 usiku kwenda Wete kunakufikisha karibu saa 11 alfajiri, na saa moja na zaidi ya kungoja jua hapo nje ni sehemu ya safari.

Ombi langu kwa wanaoandaa mafunzo ya usalama kwa wavuvi ni dogo. Badala ya kunakili mchoro wa Jaa kutoka vitabu vya kaskazini, wachapishe karatasi moja yenye nyota tisa nilizozitaja, namba ya dira ya kila moja na saa yake ya kuchomoza tarehe 1 ya kila mwezi kwa saa za hapa. Wakumbuke kwamba jua la Tanga liko nyuma ya saa ya ukutani kwa dakika 24, na jedwali linalokokotolewa bila kulitazama hilo litakosea kwa muda huo huo kila usiku. Wanafunzi waanze nchi kavu, ufukweni, wakiwa na dira mkononi, mwezi ukiwa mwandamo ili pawe na giza: kila mmoja aandike nyota gani imetoka, saa ngapi, na dira inasema nini. Mwezi mmoja wa daftari hilo unatosha kabla ya kupanda chomboni.

Wako,
Msomaji, Sahare, Tanga